Bibo la Angani na Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Nimefika kituoni viatu mkononi, suruali nimeikunja hadi magotini. Maji yameingia kwenye bomba la kebo chini ya dishi kubwa, na vibandiko vyote vya majina vimebanduka, vinaelea humo kama maganda ya vitunguu. Na kesho ndiyo siku ya kwanza ya kuisikiliza asteroidi, lile jiwe la angani!

Nyokabi kapanda ngazi. Yeye ndiye fundi wa antena, mtu wa Nyeri, anaogopa konokono lakini haogopi kusimama mita kumi na tano hewani. Mimi nilikuwa chini na mchoro wa mafundi, utepe mweupe na kalamu nene ya wino. Kebo zenye shida ni mbili tu. Moja huleta mawimbi yanayojizungusha kulia, nyingine yanayojizungusha kushoto. Mchoro una mishale peke yake, maneno hamna. Basi nikafanya kama tulivyofundishwa chuoni, na kama nilivyowafundisha watoto shuleni Kakuyuni miaka minne: kidole gumba kielekee wimbi linakokwenda, vidole vingine vikunje. Mshale ukifuata vidole vya mkono wa kulia, wimbi ni la kulia. Kalamu mkononi, kidole gumba juu, dakika mbili kazi imekwisha. Nikaandika KULIA, nikaandika KUSHOTO, nikampa Nyokabi akazifunga kebo huko juu kwa kufuata majina hayo. Akashuka akatia saini kwenye daftari la kazi kwa sababu kebo ni zake.

Tumekula mihogo ya nazi tukiwa tumelowa chapachapa. Siku njema.

Jumanne, 6 Mei

Imesikika!

Wenzetu wa ng'ambo ndio wenye mtambo wa kutuma. Wao hupiga wimbi, sisi huku Malindi twategea mwangwi. Leo mwangwi ulichukua sekunde thelathini na moja kwenda na kurudi. Asteroidi iko mbali mara kumi na mbili kuliko mwezi, na hapo eti inaitwa jirani. Zile sekunde thelathini na moja hakuna aliyekohoa. Bwana Mutuku, mkuu wetu, alikuwa amesimama na kikombe cha chai karibu na mdomo, hanywi.

Ilikuwa saa tano mchana, jua linachoma. Mama mwenye nyumba ninayopanga bado ananiuliza nyota gani hizo za mchana. Nimemwambia rada haihitaji giza, yenyewe ndiyo inayopiga hodi. Kaguna tu.

Picha ya kwanza ilikuwa chengachenga. Ya tano ikaanza kuonyesha kitu. Sehemu ya mwangwi inayotangulia imetoka sehemu iliyo karibu nasi, inayochelewa imetoka mbali. Upande unaotujia huinua sauti kidogo, upande unaotukimbia huishusha. Ukiyapanga hayo mawili unapata umbo, ingawa hakuna jicho lililoliona. Bwana Mutuku akasema ni viazi viwili vilivyogandana. Mimi nikasema hapana, hebu angalieni: donge kubwa, na chini yake dogo limening'inia. Hilo ni bibo, tunda la mkorosho, na korosho yake.

Nyokabi hajawahi kuona bibo mtini. Ilibidi nimchoree. Sasa kituo kizima kinasema Bibo, hata kwenye ripoti ya Bwana Mutuku limeingia. Bibo lenye urefu wa mita mia tatu na hamsini!

Alhamisi, 8 Mei

Leo tumepima ngozi yake.

Naandika nisije nikasahau nilivyofurahi. Kitu laini hurudisha wimbi likiwa limegeuka, kama kioo: ukiinua mkono wa kulia, aliye kiooni ainua wa kushoto. Sisi tunatuma wimbi la kulia, kwa hiyo mwangwi mwingi hutarajiwa kurudi kushoto. Kitu chenye mawe mawe huvuruga mambo, na sehemu fulani hurudi kulia vilevile. Kwa kawaida sehemu hiyo ni ndogo, kama theluthi ya ile ya kushoto.

Ya kwetu? Kulia ni karibu mara tatu ya kushoto. Bibo limejaa mawe, mawe juu ya mawe, hasa lile donge kubwa. Korosho nayo ina mawe lakini kidogo. Bwana Mutuku aliniomba nikokotoe tena. Nikakokotoa. Akakaa. Akasema kwa sauti ya chini kuwa miaka ishirini na miwili yuko kazini na hajapata kusikia kitu kama hiki.

Tarehe ishirini na moja ana mkutano kwenye hoteli moja Kikambala, mbele ya wageni watakaoamua kama kazi hii ya rada itapewa mwaka mwingine hapa kwetu au ihamie kwingine. Alitaka kwenda na picha za umbo peke yake. Sasa anakwenda na hili. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu, anajua. Alisema, "Hili likipita, Mwalimu, kiti hiki ni chako." Ananiita Mwalimu kwa utani tangu siku ya kwanza, maana alinikuta nafundisha fizikia kwa sumaku moja na maelezo mengi.

Nilitembea hadi stendi nikiimba. Mwendesha boda mmoja aliniuliza kama nimeposwa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimelala nyumbani Kakuyuni. Nilimkuta Mama uani anasuka makuti, nikapiga shikamoo nikakaa chini kumsaidia kuchagua. Nikamweleza yote. Mama hajasoma fizikia lakini anajua kusikiliza, na huwa anauliza swali moja tu, lile nisilolitaka.

"Wasema hilo donge kubwa ndilo lenye mawe, na korosho ndiyo laini?"

Nikasema ndiyo.

"Bibo ni laini, mwanangu. Korosho ndiyo yenye gamba. Wewe umelisema kinyume."

Nikamweleza kuwa lile ni jiwe, si tunda, jina tumelipa sisi kwa mzaha. Akasema haya, wenye macho ya mbali ni nyinyi. Kisha akanipa korosho za kukaanga kwenye karatasi. Nikanyoosha mkono, naye akaurudisha mfuko nyuma. "Mkono gani huo?" Wa kushoto! Miaka thelathini na moja, na bado narudishwa kama mtoto. Nikapokea kwa wa kulia, tukacheka.

Mimi ni mashoto wa kuzaliwa. Nilipokuwa na miaka mitano Nyanya, Mungu amrehemu, aliufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni kwa kipande cha leso, buluu yenye madoa ya njano. Mkono wa kushoto hautoi wala haupokei, na chakula chake hakiliki. Nilifungwa hadi nikajua kuandika kwa wa kulia. Leo naandika, nakula, nasalimu kwa wa kulia, na mwandiko wangu mzuri kuliko wa Kenga, kaka yangu, ambaye hakufungwa chochote. Ila kichwa kikishughulika sana, wa kushoto huamka wenyewe.

Korosho zimekwisha kabla sijalala.

Jumatatu, 12 Mei

Umbo linazidi kukaa sawa. Tumeona Bibo likijizungusha mzunguko mzima, kwa muda wa saa tisa na robo. Kati ya bibo na korosho pana shingo nyembamba, na ubavuni pana shimo ambalo uwanja wa mpira wa Kakuyuni ungeingia na mashabiki wake. Nyokabi kalifinyanga kwa unga wa ngano, kaliweka juu ya meza ya Bwana Mutuku. Kufikia alasiri sisimizi walikuwa wamefika kabla ya chombo chochote cha binadamu.

Barua pepe kutoka kwa wenzetu ng'ambo. Umbo wamelisifu. Kuhusu ngozi wana mashaka. Kwa adabu sana wanauliza: nani alizifunga kebo?

Jumatano, 14 Mei

Siku ya ovyo.

Bwana Mutuku alimwita Nyokabi, mlango wazi, sote tukasikia. Alifungua daftari la kazi akamwonyesha saini yake. Nyokabi akapanda tena juani, akakagua moja moja, akashuka amejaa kutu mikononi. "KULIA iko kwa kulia, KUSHOTO iko kwa kushoto. Kuja uone mwenyewe, bosi." Bwana Mutuku si mtu wa kupanda ngazi. Aliwajibu wenzetu kuwa kebo ziko sawa. Kisha akamgeukia Nyokabi, akamwambia kwamba ikija kugundulika vingine, dishi hilo atakuwa analisikia kwa wenzake, kazi yake itakuwa stoo.

Nyokabi hakula mchana. Nilimpelekea chapati, nikamwambia asijali, kazi yake naijua, kebo ziko sawa. Nilikuwa naamini kabisa.

Ijumaa, 16 Mei

Bwana Mutuku kaenda Nairobi, atakuja Kikambala moja kwa moja. Wenzetu wameshauri tusikilize setilaiti moja inayopita juu yetu, ambayo inajulikana hutuma mawimbi ya kulia tu. Kama KULIA ikinguruma, hoja imekwisha. Bwana Mutuku akasema haoni haja, ila kama sisi tuna nafasi tufanye. Nyokabi akadakia, nafasi tunayo.

Jumamosi, 17 Mei

Setilaiti ilipita saa nne na dakika kumi na mbili.

KULIA ilikaa kimya. KUSHOTO ndiyo iliyonguruma.

Wazo langu la kwanza, aibu kuliandika: setilaiti imeharibika. La pili: tusubiri ya mchana. Ya mchana ikapita, yaleyale. Nyokabi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akasema polepole, "Basi ni mimi. Lazima nilizifunga vibaya huko juu." Akachukua mkoba wake akaenda.

Nikabaki na ule mchoro. Nikachukua kalamu niandike matokeo, nikasema ngoja nihakikishe mishale. Kidole gumba juu, vidole nikakunja. Mshale ukafuata vidole vizuri kabisa, kama siku ile ya mvua. Halafu nikautazama mkono wenyewe.

Kalamu ilikuwa kwenye mkono wa kulia, mahali ilipowekwa nikiwa na miaka mitano. Mkono uliobaki mtupu ndio niliouinua. Nimeipima kanuni ya mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto! Nyokabi alifunga kila kebo pale jina lake liliposema. Majina ndiyo yaliyokuwa kinyume, na majina niliyaandika mimi.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaona si jambo la kuchekesha. Nyokabi alikuwa ameshafika getini. Ningeweza kumwita. Nilimsikia akiagana na mlinzi, na sikumwita.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda kanisani. Nimemwandikia Bwana Mutuku ujumbe mara nne, nikaufuta mara nne. Wa mwisho ulikuwa mzuri, nao nikaufuta.

Jumatatu, 19 Mei

Nyokabi hakuja kazini, eti homa.

Nimeyageuza majina kwenye hesabu na kuanza upya. Umbo halikuguswa, shukrani kwa Mungu: shingo iko palepale, shimo palepale. Ngozi ndiyo iliyobadilika. Bibo ni jiwe la kawaida kama mengine angani, hakuna cha miaka ishirini na miwili. Lakini kuna hili: lile donge kubwa ni laini kuliko lile dogo. Korosho ndiyo yenye mawe mengi. Vipande viwili vilivyoshikana, na ngozi zao hazifanani, kama vile kila kimoja kilitoka kwao kisha vikakutana. Nililitazama muda mrefu. Ni zuri, nami nililisema kinyume, kama Mama alivyosema.

Nikampigia. Nikamweleza kalamu, kidole gumba, Nyokabi, kila kitu. Nilidhani atacheka.

"Nyanya yako alikushika mkono tu," akasema. "Ile leso ni mimi niliyeikata. Ilikuwa yangu ya arusi."

Sikuwahi kujua. Miaka yote nimekuwa nikimlaumu marehemu.

"Niliogopa watu watakataa kula ulichopika. Niliogopa watakuita majina. Sikujua kama kuna kazi ya kuangalia vidole."

Nikamwambia, Mama, si hoja, hata mimi ningekata. Sijui kama ni kweli. Nililia kidogo, naye nadhani alilia, maana alianza kunieleza habari za kuku. Halafu akarudi palepale alipotaka kufika: "Mficha uchi hazai. Kosa limetoka nyumbani kwetu, lisilale kwa mtoto wa mwenzangu. Useme."

Jumanne, 20 Mei

Nimemfuata Nyokabi chumbani kwake. Homa hana. Nilimwambia mlangoni, kabla hajanikaribisha, nisije nikapata nafasi ya kubadili nia.

Alinitazama. Akaniambia nimwonyeshe. Nikachukua kalamu ya kwenye kalenda yake, nikainua kidole gumba. Nyokabi akacheka hadi akakaa kwenye ngazi, akajifuta macho, akasema nirudie. Nikarudia. Kisha akaichukua kalamu mkononi mwangu.

"Siku tatu, Sidi. Siku tatu nimelala nikijua ni mimi. Nimeshaanza kufikiria huko stoo."

Nikamwomba msamaha. Sikuwa na maneno mazuri, nilisema tu niliogopa kukosa kiti, na kwamba nilimsikia getini. Hilo la getini ndilo lililomuuma. Alitengeneza chai, hakunitilia sukari, na anajua natumia vijiko vitatu. Tulipofika nusu kikombe akasukuma kopo la sukari upande wangu. "Kosa moja haliachi mke. Lakini utasema wewe, na utasema kesho, mbele yake. Si kwa simu."

Hata hivyo simu nilipiga. Mara sita. Bwana Mutuku kazima.

Jumatano, 21 Mei

Kikambala. Ukumbi wa hoteli, baridi ya mashine, nimejitanda leso ya Mama niliyoazima. Nyokabi yuko kulia kwangu. Mahamri ya bure na sijaweza kula hata moja, jambo ambalo halijatokea tangu nizaliwe.

Saa mbili na nusu. Bwana Mutuku kaingia na wageni, suti mpya. Nikamfuata. "Bosi, nina neno kuhusu ngozi ya Bibo." Akanishika bega, "Baadaye, Mwalimu, baadaye." Karatasi yenye hesabu mpya nimemtia mkononi. Kaikunja akaiweka mfukoni bila kuisoma.

Saa tatu. Ameanza. Naandika hapa ili mikono ipate shughuli, walio jirani wanadhani naandika maelezo yake. Anaongea vizuri mno. Zile sekunde thelathini na moja amezieleza hadi mgeni mmoja mzee akaziba mdomo kwa mkono. Picha ya Bibo, watu wameguna. Ametaja jina langu! Amesema mwalimu wa shule ya Kakuyuni ndiye aliyelipa jina. Kama angeishia hapo.

Saa tatu na dakika ishirini. Ngozi sasa. Ile namba iko ukutani, kubwa, nyekundu. Karibu mara tatu. Mgeni wa mbele, mama mwenye miwani, ameuliza kama vifaa vilihakikiwa. Bwana Mutuku kacheka. Anasema kulikuwa na wasiwasi mdogo, fundi wetu wa antena alituchanganya kidogo na kebo zake, wasichana hawa, lakini yote yamerekebishwa. Watu wamecheka naye. Nyokabi anaangalia viatu vyake.

Mwenye kuendesha mkutano anauliza kama kuna aliye na la kuongeza kabla ya chai. Anatazama ukumbi. Anahesabu, moja, mbili.

Nyokabi kanigusa kiwiko.

Kuna mkono umeinuliwa. Kalamu iko kwenye wa kulia, bado inaandika haya, kwa hiyo uliokwenda juu ni ule mwingine. Nauacha hukohuko. Bwana Mutuku ameuona. Anatabasamu, anadhani nataka kumsifu. Anasema, "Naam, Mwalimu, simama wakuone—"